Aliyekaa Mgongoni kwa Marjani

Marjani alimuuma bwana harusi mbele ya baba yake, wajomba zake na mpiga picha. Hakumuuma sana. Alikamata mkono wa kanzu, akavuta, kanzu ikachanika mpaka kwapani. Kijana Azan alikuwa ameletwa Kibiti kwa gari la baba yake kutoka Ikwiriri ili ajaribu kukaa juu ya farasi kabla ya siku yenyewe. Sasa alirudi kinyumenyume mpaka akajikuta amekalia ndoo ya maji.

Wajomba wakacheka. Nasor, baba yake, hakucheka. Nasor alikuwa na ghala la ufuta Ikwiriri na nyumba ya mababu kule Mohoro, na mtu wa namna hiyo hawezi kufurahi mwanawe akikalia ndoo mbele ya mashemeji.

"Fikirini," alimwita mwenye farasi. "Huyu ndiye uliyeniapia kwamba hata mtoto wa chekechea anampanda?"

"Ndiye, bwana Nasor. Leo kaamka vibaya tu."

"Na siku ya harusi akiamka vibaya? Mwanangu aende kwa wakwe amepakiwa bodaboda?"

Fikirini alikuwa amelishika tandiko, lile tandiko la ngozi lenye vyuma viwili vya kukanyagia, na alitaka kuwaonyesha wageni kwamba jambo lenyewe ni dogo. Akamsogelea Marjani ubavuni. Hata hajamgusa, ngozi ya mgongo wa farasi ikaanza kutetemeka. Masikio yakalala nyuma. Kisha, na hapa ndipo wajomba walipoacha kucheka, Marjani akabonyea mgongo polepole, miguu ya nyuma ikamchezacheza, vile vile anavyobonyea akikaliwa na mtu mzito. Tandiko lilikuwa bado mikononi mwa Fikirini.

Mpiga picha akashusha kamera yake bila kuambiwa.

"Mimi nimealika watu mpaka Mafia," Nasor alisema akielekea garini. "Kadi zimechapwa, bwana harusi anakuja na farasi. Matarumbeta yameshalipwa. Jumapili ijayo, Fikirini. Ukiniaibisha usinijue tena, na wallahi hutapata mwingine wa kukukodi, si hapa, si Ikwiriri."

Maneno hayo yalimwingia Fikirini, kwa sababu nyumba ile ilikula kwa mgongo wa Marjani. Yeye alikuwa mtunza farasi katika kambi moja ya watalii huko juu mtoni. Kambi ilipofungwa, wenyewe waliondoka wakamwachia farasi mmoja na tandiko moja badala ya mishahara yake. Tangu hapo, penye harusi, penye jando, penye sikukuu ya Idi, Marjani alivishwa shanga na vitambaa, watu wakapanda, wakapigwa picha. Sihaba, binti yao wa pekee, alisoma shule ya bweni kwa mgongo huo huo.

Bi Zabibu, mama yake Fikirini, alikuwa kibarazani akipeta mchele. Aliyaona yote na hakuna lililomshangaza.

"Yule si mkaidi," alisema. "Yule ana mtu."

"Mtu gani tena, mama?"

"Mie nitamjuaje? Simwoni. Namwona farasi tu anavyombeba."

Fikirini akasonya, ila kwa ndani, maana mama ni mama. Wakati huo mkewe, Zuena, alikuwa anarudi bombani na ndoo kichwani, ya ngapi siku hiyo hakuna aliyejua. Farasi anakunywa kama shimo la mchanga. Akaitua, akashika kiuno, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba Sihaba, kuku hawamrukii tena."

"Kuku?"

"Si walikuwa wakikaa mgongoni kwake wakimdonoa kupe? Sasa hata kivulini kwake hawapiti. Na tandiko lako nalo, jua likisimama utosini, linalia kule stoo. Linalia kama mtu anajiweka sawa."

"Ngozi ikipata joto hulia."

"Mbona wewe ukiwepo hailii?"

"Na saa hizo hizo za adhuhuri," Bi Zabibu aliingilia, "anatoka bandani peke yake, anakwenda mpaka langoni, anabonyea, anasubiri, kisha anarudi. Hebu niambie, mwanangu. Pale langoni anamteremsha nani?"

Fikirini aliwaambia waache mambo ya kuogopesha watoto wakati nyumbani hakuna mtoto. Lakini kesho yake adhuhuri alijibanza nyuma ya migomba akatazama. Marjani alitoka bandani. Alitembea hatua nzito, za kujali, mgongo mtupu, hakuna hatamu wala kamba. Alipofika langoni akasimama, akabonyea. Na masikio yake yakageuka nyuma, kwanza moja, kisha la pili. Fikirini alikuwa ameishi na farasi miaka mingi. Alijua kwamba farasi hugeuza masikio hivyo kumsikiliza aliye juu yake.

Aliogopa. Hakumwambia mtu.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, mwanamke kijana aliyeitwa Salwa, buti miguuni na hijabu imejaa vumbi la barabara. Alipitisha vidole kando ya uti wa mgongo wa Marjani, akibonyeza kidogo kidogo kutoka begani. Alipofika pale tandiko linapokaa, Marjani akaguna kama binadamu, akazama.

"Hapa," alisema daktari. "Na upande huu pia. Unayaona haya?"

Katikati ya wekundu wa Marjani yalikuwa yameota mabaka mawili ya manyoya meupe, moja kila upande, makubwa kama viganja.

"Nilidhani ni rangi yake tu."

"Ni maumivu ya zamani hayo. Nyama ikibanwa muda mrefu, manyoya yakiota tena huja meupe." Akalipindua tandiko, akaingiza mkono chini yake, akatikisa kichwa. "Hili lilitengenezewa farasi mwingine, mwembamba. Huyu linambana kama koleo. Na kila ukimpandisha mtu ndipo linapokaza."

"Je, nikitia godoro chini yake?"

"Kiatu kikikubana, unavaa soksi mbili?"

Bi Zabibu alicheka peke yake kibarazani. Fikirini hakupenda. Akauliza dawa, akaambiwa dawa ni kupumzika, mvua zije na ziondoke kabla hajawekewa kitu mgongoni, na hata baada ya hapo si tandiko lile.

"Daktari, harusi ni Jumapili."

"Harusi si yake." Alianza kufunga mkoba wake, kisha akaacha. "Na nikwambie kitu, mzee wangu. Farasi anayeuma bado anasema. Siku ukimwona katulia na mgongo huu, ndipo uogope."

Kabla hajaondoka aliweka tena kiganja juu ya baka moja. Akakitoa, akakipangusa kwenye koti, akakirudisha.

"Joto gani hili," alisema, kama anayejisemea. "Kama mkeka ambao mtu katoka kuukalia sasa hivi."

Akapiga pikipiki yake teke na kuondoka bila kuaga vizuri.

Mkataa pema, pabaya panamwita. Fikirini alikuwa amepewa ushauri wa bure, wa kweli, na wa mtu aliyesomea, lakini haukuwa na Jumapili ndani yake. Kwa hiyo akashika njia ya Mohoro kwa Gharibu.

Gharibu hakuwa mganga wa kutisha. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa makamo aliyevaa jezi ya mpira iliyochujuka, na simu yake ilikuwa inaita kila mara akiipuuza. Ila watu wa huko walijua kwamba mtu akipandwa na kitu nyumbani, Gharibu ndiye wa kuitwa. Alimsikiliza Fikirini huku akikaza nyuzi za gurudumu.

"Farasi sijapata kumwagua," alisema. "Sikudanganyi. Ila mgeni ni mgeni, akae kwa mtu au kwa mnyama. Mgeni hafukuzwi. Anahamishwa. Akikalia kiti chako utamsukuma? Utamtafutia kiti kingine, na yeye kwa heshima zake atahama."

"Kiti gani?"

"Beberu. Mgongo mpana. Akishahamia, beberu anapelekwa porini, anaachiwa."

"Anaachiwa? Hachinjwi?"

"Wewe utachinja kiti alichokalia mgeni?"

Fikirini alirudi Kibiti akiwaza. Alipata kusikia habari za mabeberu wengi walioachiwa porini, na hajawahi kukutana na hata mmoja huko. Kila mtu anajua mbuzi wa waganga huishia wapi, alijiambia, na sufuria zao tunaziona. Beberu alikuwa naye, tena mmoja. Lakini alikuwa amekwisha kumwahidi Nasor kama pole ya ile kanzu iliyochanika, na Nasor hakuwa mtu wa kuahidiwa kitu kikakosekana. Basi akaona jambo la akili ni kukamata jogoo.

Kosa lenyewe lilikuwa hilo. Si kosa la mtu mbaya. Ni kosa la mtu anayedhani ameujua ujanja wa mwenziwe.

Gharibu alikuja alasiri ya Alhamisi na chetezo, ubani na kitambaa cheupe.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Nimekuwekea jogoo, fundi. Jogoo mkubwa."

"Jogoo hana mgongo wa kukalika."

"Fanya hivyo hivyo. Jumapili imefika."

Gharibu aliweka chetezo chini. "Nikimwambia ashuke, atashuka," alisema. "Atakakokwenda, mie sijui."

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, na wewe umeambiwa." Akawasha mkaa. "Kamba aishike mtu wa nyumba hii."

Fikirini alikuwa amevaa kanzu yake nzuri, maana kutoka pale alikuwa anakwenda Ikwiriri kumpeleka beberu, na Marjani akichafukwa hurusha povu na tope. "Mama Sihaba," alisema, "hebu njoo ushike."

Zuena akafuta mikono kwenye kanga, akashika.

Moshi ulimzunguka farasi. Gharibu hakupiga kelele wala kukaripia. Alisema taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeomba njia katikati ya watu waliokaa msibani. "Bwana, umekaa vya kutosha. Wenyewe wamechoka. Tunakuomba ushuke." Masikio ya Marjani yakageuka nyuma, yakasikiliza. Upepo haukuwepo, na moshi ulipanda wima, ila juu ya mgongo wa farasi ulikuwa unapinda, unapita pembeni, halafu unaungana tena. Bi Zabibu alianza kusoma aliyoyajua. Kule stoo, mlango ukiwa umefungwa, tandiko likalia, mara moja tu.

Kisha mgongo wa Marjani ukainuka. Uliinuka wenyewe, polepole, kama tawi lililotuliwa mzigo. Farasi akajikung'uta mwili mzima, akashusha pumzi ndefu.

"Baba Sihaba," alisema Zuena. "Mgongo."

"Shikilia tu, tunamaliza."

Akashikilia. Kuku jike mmoja alikuja akichakura, akaruka, akatua mgongoni kwa Marjani kama zamani. Fikirini alicheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka.

Gharibu hakucheka. Alimtazama jogoo, aliyekuwa akidonoa pumba bila wasiwasi wowote. Akamtazama Zuena. Akakusanya vitu vyake haraka haraka na akakataa kumchukua jogoo.

"Mpeni maji," alisema akitoka. Hakusema apewe nani.

Jioni ile, aliporudi kutoka Ikwiriri, Fikirini alimwekea Marjani tandiko. Alikaza mkanda wa tumboni, akakaza tena. Farasi alisimama kama kabati.

Harusi ilikuwa harusi. Ikwiriri nzima ilitoka barabarani. Matarumbeta yalitangulia, wanawake wakafuata na vigelegele, na katikati Azan juu ya Marjani, joho, kilemba na jambia kiunoni. Alipopanda mara ya kwanza mguu ulimteleza, akaning'inia upande mmoja, vijana wakapiga miluzi. Mara ya pili akapata. Basi wakaenda, wakavuka tuta la barabara kuu, malori yakasimama, makondakta wakatoa simu zao madirishani. Marjani hakutikisa hata mkia. Macho yake yalikuwa yametulia mno. Fikirini, aliyeshika hatamu, aliyakumbuka maneno ya daktari mara moja tu, akayafukuza kama nzi.

Kwa wakwe aliambiwa amfunge farasi mbali na viti vya wageni. Yeye mwenyewe alikaribishwa uani, na wapiga matarumbeta, akapewa pilau kwenye boksi la karatasi bila kijiko. Beberu wake alikuwa ndani ya pilau lile. Nasor alipita, akampiga bega pasipo kusimama: "Umenisitiri." Kwa Fikirini neno hilo moja lilitosha kuvumilia kula kwa kuchutama. Tena likaja na jingine, maana kabla hajamaliza alifikiwa na mtu wa Nyamisati mwenye kijana wa kuoa Alhamisi ya wiki ya pili. Wakapeana mikono hapo hapo.

Alirudi Kibiti jua linazama, akiwa na kanga mpya ya mkewe.

Zuena alikuwa sakafuni. Hakuwa amelala. Alikuwa kwa mikono na magoti, kichwa kimeinama, na Bi Zabibu amepiga magoti kando yake na kibakuli cha mafuta ya nazi.

"Usimguse," alisema Bi Zabibu.

"Ana nini?"

"Njoo utazame. Ila usimguse."

Kando ya uti wa mgongo wa Zuena kulikuwa na mabaka mawili, moja kila upande, makubwa kama viganja. Ngozi ya hapo ilikuwa imepauka, karibu kuwa nyeupe.

"Mama Sihaba. Umeanguka?"

"Kijana wa Nasor alipanda kwa kushoto," Zuena alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na ndiyo iliyotisha. "Akateleza. Akapanda tena. Nilikuwa nakuna nazi, nikaanguka na mbuzi ya kukunia. Kisha mkavuka kitu kirefu, kama tuta. Ni kweli au si kweli?"

Fikirini alikaa chini. Kanga ilimdondoka.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukaniambia nishikilie."

Zahanati walimpa vidonge, wakamwambia asibebe vitu vizito, kana kwamba vitu hivyo hujibeba. Vidonge vilikwisha na hali ikabaki ile ile. Saa za adhuhuri ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Zuena alikuwa akiinuka kitandani, anakwenda mpaka langoni akiwa ameinama, anasimama, anasubiri, anarudi. Ukimwuliza anafanya nini, anasema hajui, ila akikataa kwenda kuna kinachomkaza ubavuni. Na Fikirini aliona jambo ambalo alitamani asilione. Mkewe akiwa pale langoni huinamisha shingo upande, kidogo tu, kama mtu anayesikiliza aliye nyuma yake.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Bi Zabibu alimwambia mwanawe. Hakusema zaidi na haikuhitajika.

Nisimpambe Fikirini. Njia nzima ya kwenda kwa Gharibu aliifikiria ile harusi ya Nyamisati. Alifikiri: nikimwambia Gharibu amrudishe mgeni kwa Marjani, nitakwenda Nyamisati na nini? Alifikiri pia, na hili lilimtoa jasho la aibu peke yake barabarani: mpaka Alhamisi si mbali, Zuena anaweza kuvumilia mpaka Alhamisi. Aliliwaza hilo kwa maneno kamili. Lilipokwisha kusemeka kichwani mwake akalisikia, na akaanza kutembea haraka kana kwamba anaweza kuliacha nyuma.

"Nilikwambia," alisema Gharibu.

"Uliniambia. Nimekuja na maneno mengine. Beberu nitamtafuta, hata kwa kukopa."

"Beberu alikuwa wa wakati ule, kabla hajakaa kwa mtu. Sasa amezoea mtu, kwa mbuzi hakai. Labda kule kule kwa farasi alikotoka."

"Au kwangu," alisema Fikirini.

Gharibu akaweka spana chini.

Walifanya uani siku ya pili yake, adhuhuri, kwa kuwa ndiyo saa yake. Zuena alikalishwa kwenye mkeka. Fikirini alivua shati, akapiga magoti mbele yake, akampa mgongo. Moshi ukapanda. Gharibu akaomba kwa adabu yake ile ile. "Bwana, mwenye nyumba mwenyewe amekuja. Anakuomba uhamie kwake." Zuena akafumba macho.

Moshi ulipinda juu ya mabega ya Zuena. Ulisogea. Fikirini alihisi ubaridi ukimshuka kuanzia shingoni, ukapita begani, ukateremka kando ya uti wa mgongo, ukakaa kidogo kiunoni. Kisha ukaondoka.

Zuena akaguna na kuinama zaidi.

"Hataki," alisema Gharibu.

"Hataki nini? Mwambie nimekubali! Nimekubali kwa moyo mmoja!"

"Si habari ya kukubali." Gharibu alionekana kuona haya, kama mshenga aliyerudishwa. "Amekupapasa. Anasema mgongo wako mwororo. Anasema hujazoea kubeba, utamwangusha."

Bi Zabibu, kule kibarazani, akacheka kicheko kikavu. "Mie ningemwambia hilo bila ubani."

Fikirini alibaki amepiga magoti. Kutukanwa na Nasor alikuwa amekumeza, na pilau la uani alilila. Hili la kukataliwa na kitu kisichoonekana, mbele ya mama yake na mkewe, lilimchoma kuliko yote, kwa sababu hakuwa na la kujitetea. Ni nani aliyekuwa akichota maji ya farasi? Ni nani aliyebeba kuni, pumba, magunia ya mpunga wa msimu? Yeye alibeba tandiko kutoka stoo mpaka bandani.

"Basi mrudishe kwa Marjani," alisema mwishowe. "Harusi za watu nitaziacha."

"Asirudishwe," alisema Zuena.

Wote wakamgeukia.

"Nimekaa naye siku hizi zote. Najua alivyokuwa akimkaza, najua anapokalia, najua anavyopiga visigino. Yule farasi alikuwa anasema kila siku, anasema kwa meno, anasema kwa masikio, na siye tulikuwa tunamwona mkaidi." Alishika kiuno kwanza, maana kusema kulimuuma. "Mie nina mdomo. Sitampa mzigo huu asiye na mdomo."

"Utakufa, Mama Sihaba."

"Basi fanya uwe na mgongo."

Fikirini alimpigia simu mtu wa Nyamisati. Alitukanwa vya kutosha, akasema samahani, akatukanwa tena. Tandiko alilichoma moto nyuma ya banda. Lilichelewa kushika, na lilipokuwa linaungua hakuna aliyetaka kusimama karibu. Kisha akachukua ndoo ya mkewe akaenda bombani.

Wanawake walimcheka, bila shaka. Mwanamume wa Kibiti akitaka maji huyafunga madumu kwenye baiskeli, hajitwiki ndoo kichwani. "Baba Sihaba, kata imekukaa upande kichwani!" walimwambia. "Leo umeolewa wewe?" Yeye alichota, akajitwika, akarudi amelowa mpaka kiunoni nusu ndoo imemwagika. Akarudi tena. Alikata kuni akazibeba mgongoni. Marjani, aliyekuwa akila majani bila kitu chochote juu yake, alikuwa akimtazama kila anapopita na maji.

Kuni na maji havikutosha kuilisha nyumba, na harusi zilikuwa zimekwisha. Kwa hiyo akaenda Ikwiriri kuomba kibarua ghalani kwa Nasor. Nasor alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Kubeba magunia? Wewe? Farasi yuko wapi?"

"Anapumzika."

"Hii kazi ya vijana, Fikirini."

"Najua, bwana Nasor."

Akapewa, labda kwa huruma, labda kwa kupenda kuona. Gunia la ufuta ni dogo kwa macho, lakini likishakaa mgongoni linakuwa mtu. Siku za mwanzo alikuwa akianguka nalo mlangoni na vijana wakimwondolea huku wakicheka. Alirudi nyumbani akitambaa, anamkuta Zuena ameinama, wanalala wote wawili kifudifudi, kila mmoja na mafuta yake ya nazi, na Bi Zabibu kati yao akisugua huku na huku. Hawakuwa na maneno mengi. Usiku mwingine Zuena alikuwa akinyoosha mkono, akimpitishia vidole mgongoni, akibonyeza kidogo kidogo.

"Bado," alikuwa akisema. "Bado mwororo."

Vijana wakaacha kucheka, wakaanza kumwita mzee. Ngozi ya mabega ikachunika, ikaota nyingine. Msimu wa ufuta ulikuwa katikati, malori yamepanga foleni, mwenye mizani anapiga kelele kwamba kila mtu afanye haraka.

Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya bati. Fikirini alikuwa amelitua gunia na kugeuka kufuata jingine, alipohisi kiganja mgongoni kwake. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Kiganja kilikuwa kikavu na hakikuwa na haraka. Kilianzia begani, kikashuka upande mmoja wa uti wa mgongo, kikapanda upande wa pili, kikabonyeza, kikasubiri, kikabonyeza tena, kama mnunuzi anavyompapasa ng'ombe mnadani.

Hakugeuka. Mwili wote ulitaka kukimbia. Alimfikiria Zuena, saa ile ile, akiwa ameinama langoni.

Akashika magoti kwa mikono miwili, akainama, akaunyoosha mgongo ukawa sawa.

"Karibu," alisema.